Oili Nyeusi Si Ripoti

Leo naiweka kompyuta kando kidogo, ingawa utaona sijaenda mbali nayo. Nataka kusema jambo kuhusu oili ya injini, hasa ya hizi pikapu mpya za dizeli zinazopita hapa Otonglo kila siku, barabara ya Kisumu kwenda Busia.

Fundi wetu wa kando ya barabara huchomoa dipstiki, huipaka oili kwenye kidole, hutazama rangi na kutoa hukumu: "Hii imekufa, mwaga." Huko ni kubahatisha. Oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Rangi haikwambii kama injini inaumwa.

Sisi tunaoandika programu, mtambo ukianza kusuasua hufungua logi na kusoma mstari kwa mstari. Oili iliyotumika ndiyo logi ya injini. Maabara huchoma sampuli ndogo, husoma mwanga wake, kisha huhesabu metali zilizomo kwa sehemu kwa milioni. Kampuni za reli za Marekani zilipima oili za injini za treni hivyo tangu miaka ya 1940, kwa hiyo si uchawi mpya. Risasi na shaba huelekeza kwenye beringi. Silikoni ikipanda pamoja na chuma, shuku vumbi linalopita filta ya hewa, na vumbi tunalo la kutosha. Potasiamu? Kagua maji ya rejeta.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Pikapu nyingi za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Ili kuyachoma, kompyuta ya gari, katika injini nyingi, hunyunyiza dizeli ya ziada ndani ya silinda, na kiasi fulani huteremka hadi kwenye oili. Gari la safari fupifupi, Otonglo hadi soko la Kibuye na kurudi, huzimwa kabla ya kumaliza kuchoma, kisha huanza upya. Oili inaongezeka badala ya kupungua. Nimemsikia mtu akijisifu kwamba injini yake haili oili hata tone, tena inazidi! Jamani, hiyo ni dizeli. Dipstiki inasema imejaa, maabara inasema mnato umeshuka na beringi ziko hatarini. Na gari lenyewe ni la mkopo. Injini ikifa, benki bado inadai.

Si kwamba maabara inajua yote. Kipimo hiki huona chembe ndogo sana tu, kipande kikubwa cha chuma hakionekani, ndiyo maana filta ya zamani ikatwe na kukaguliwa. Injini mpya nayo hutoa metali nyingi mwanzoni, vyuma vikizoeana. Ripoti ya kwanza ikikutisha, ilinganishe na ya pili na ya tatu. Tofauti ndiyo habari.

Ukipeleka gari sevisi, beba chupa safi, kavu. Injini iwe moto. Acha oili ya mwanzo imwagike, kinga ya katikati, andika kilomita za gari na kilomita za oili yenyewe. Fundi atakucheka. Mwache acheke, ila asimwage iliyobaki mtaroni, maana mitaro yetu inaelekea ziwani.