Mpikie Punda Wako Keki ya Bathdei

Umeiona ile video. Msichana wa Uingereza ama Marekani amemwandalia farasi wake keki ya nafaka na karoti, amemfunga utepe shingoni, anamwimbia huku farasi akitafuna. Ukacheka, ukatumia mbogi, ukaandika "watu wana doo." Poa. Sasa weka simu chini, utoke nje hapo Kathiani, Masii ama Mwala, umwangalie anayekuletea maji.

Farasi Machakos ni mgeni. Huku farasi wetu ni punda, ing'oi kwa Kikamba, na anapanda kilima kutoka mtoni akiwa na mitungi minne ya lita 20. Piga hesabu: hizo ni kilo 80 za maji, bado hujaweka uzito wa mitungi yenyewe. Wewe ukibeba mmoja tu hadi ghorofa ya tatu unaposti kwa status.

Kwa hivyo nasema punda apewe bathdei, na keki. Sifanyi mzaha, na sitaki kusikia kwamba hayo ni mambo ya wazungu. Sisi ndio tuna methali za "punda afe, mzigo wa bwana ufike" na "fadhila za punda ni mateke." Za kwetu kwake je?

Halafu usidhani atakuwepo milele. Kati ya 2016 na 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa Kenya, kwa hesabu ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, hasa kwa sababu ngozi yao huchemshwa kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao. Vichinjio vinne vilipewa leseni, kimoja hapa hapa Machakos. Wizi ukazidi: mtu analala na punda zizini, anaamka na kamba. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, Mahakama Kuu ikaondoa marufuku Mei 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kupiga marufuku biashara ya ngozi ya punda bara zima. Mama anayechota maji ndiye aliyelipia hiyo vuta nikuvute, kwa mgongo wake. Ukiwa na punda leo, una mali.

Tatizo la kwanza: alizaliwa lini? Aliyekuuzia sokoni hakukupa cheti. Fungua mdomo polepole, uangalie meno ya mbele. Yale mawili ya katikati hubadilika na kuwa ya kudumu akiwa na takriban miaka miwili na nusu, yanayofuata mwaka mmoja baadaye, ya pembeni akikaribia minne na nusu. Yakishakamilika, kukisia kunakuwa kugumu, kwa hivyo chukua tu siku uliyomnunua. Ama chukua Mei 8, Siku ya Punda Duniani, umalize maneno. Punda anayetunzwa anaweza kuishi miaka 25 na zaidi, kwa hivyo utakuwa na bathdei nyingi za kupanga.

Sasa keki. Na hapa ndipo utamuua ukiiga ile video, kwa sababu punda si farasi mdogo. Mwili wake umezoea nchi kavu na nyasi ngumu zisizo na utamu mwingi. Ukimjaza nafaka na sukari, kwato zinaweza kuvimba kwa ndani mpaka ashindwe kusimama, ama tumbo limsokote agaegae.

Keki yenyewe basi ni nyasi kavu. Chukua boma rhodes, ile isiyo na ukungu, ikaze vizuri ndani ya karai kisha uipindue, itoke duara kama keki ya harusi. Kata karoti mbili kwa urefu, vipande virefu kama vidole, uzichomeke juu. Hiyo ndiyo mishumaa, na hakuna kuwasha chochote, tafadhali. Usikate karoti vipande vya duara kama vya kachumbari, vinaweza kumkwama kooni. Ongeza ganda la ndizi lililooshwa, ama ganda la tikiti. Msimu wa maembe ukifika, kipande kimoja bila kokwa kinatosha.

Ukitaka kabisa kupika, kuna vijitonge. Konzi moja ya pumba za ngano, karoti moja iliyokunwa, kijiko kimoja cha molasi ya duka la agroveti na maji kidogo. Finyanga tonge ndogo ndogo, zibanike juu ya jiko lenye makaa yaliyopoa hadi zikauke, ziache zipoe. Mpe tatu ama nne kwenye kiganja kilichonyooka, la sivyo vidole vyako vitakuwa sehemu ya menyu. Zinazobaki ni za kesho.

Usimpe mkate, chapati wala ugali uliolala. Kabichi na sukuma wiki zitamjaza gesi. Parachichi ni sumu kwake, majani na ganda pia, na najua Machakos mti uko nyuma ya kila nyumba ya pili. Kibaya zaidi ni chakula cha kuku. Baadhi huwekwa monensini, dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuhara damu kwa vifaranga, na kiasi kidogo tu huharibu moyo wa punda. Kuku anapona, punda anakufa. Wengi hawajui hili na gunia liko wazi pale kando ya zizi. Mimi niliacha chuo, sikusomea mifugo, kwa hivyo akila kitu cha kutilia shaka usisubiri maoni ya mtandaoni. Mpigie daktari wa mifugo wa wadi yenu.

Akiwa anatafuna, zunguka umwangalie. Inua kila mguu: kwato zimepasuka, ama kuna jiwe limekwama? Toa gunia la mgongoni utazame chini yake, kwa sababu vidonda vingi hujificha pale kamba inaposugua. Kunja blanketi la zamani mara mbili, liwe zawadi yake ya kuweka chini ya mzigo. Mwekee maji safi ya kunywa mpaka ashibe. Inashangaza ni punda wangapi wanaobeba maji siku nzima wakiwa na kiu.

Na siku hiyo asifanye kazi. Maji yataletwa na ile mbogi iliyocheka video, kila mtu na mtungi wake.