Kuovateki kwa kubahatisha

Basi la kilomita 80 kwa saa likitaka kulipita lori la kilomita 60, tofauti yao ni mita tano na nusu tu kwa sekunde. Kulimaliza lori na tela lake, kisha kurudi kushoto salama, ni kulizidi kwa kama mita 60: sekunde 11, mita 240 za lami. Anayekuja mbele kwa mwendo wa basi naye atakuwa amekula 240 zake. Kwenye kona za mlima Kitonga, nani anaiona nusu kilomita? Hesabu hii dereva huikadiria kwa macho. Heri aikosee kwanza kwenye kompyuta ya mafunzo ya udereva. Mtasema mbele ya skrini hakuna aogopaye kufa. Kweli, lakini anayechomoka bila kuona huko, mkufunzi humrudisha nyuma ya lori lilelile mara ishirini.