Kina cha kukisia si habari

Ndugu zangu, leo naomba tugombane kidogo. Najua wengi mnaopita hapa mnatengeneza video: wengine za harusi, wengine za bongofleva, wengine ni wanahabari kama mimi mnaozunguka na simu moja na chaja ya kuazima. Ugomvi wangu hauko kwenye harusi wala kwenye bongofleva. Uko kwenye habari, hasa habari zinazotoka huku Makongolosi, wilayani Chunya, ambako watu wanashuka ardhini kutafuta dhahabu na neno "kina" si la kuchezea.

Hoja yangu ni fupi. Ukishaingiza kwenye video ya habari kitu ambacho kamera haikukiona, hapo umeacha kuripoti, unatunga. Na kifaa kinachofanya utungaji huu uwe mwepesi kuliko ulivyowahi kuwa ni kile wanachokiita ramani ya kina.

Kwa ambaye hajakutana nayo, hebu nieleze. Video ya kawaida ni bapa. Inabeba rangi na mwanga wa kila nukta, lakini haisemi nukta ipi iko karibu na ipi iko mbali. Ramani ya kina ni picha ya pili, ya kijivu, inayolingana na ile ya kwanza nukta kwa nukta. Kwa kawaida kilicho karibu kinakuwa cheupe, cha mbali kinakuwa cheusi, na vya katikati vinagawana kijivu. Ukiwa nayo unaweza kuikata video katika matabaka: mchimbaji mbele, karasha nyuma yake, vilima mwisho kabisa. Kati ya tabaka na tabaka unapenyeza unachotaka. Vumbi, ukungu, maandishi, gari, hata watu. Mchimbaji akipita mbele ya gari lako la kubandika, gari linajificha nyuma yake kama vile lilikuwepo siku zote.

Zamani kazi hiyo ilihitaji kitambaa cha kijani, au mtu akae amkate mchimbaji fremu kwa fremu. Sekunde moja ya video ina fremu 25 au 30, kwa hiyo sekunde kumi tu ni fremu 250 na zaidi. Uvivu wetu wenyewe ulikuwa unatulinda. Sasa ulinzi huo umekwisha. DaVinci Resolve waliingiza ramani ya kina katika toleo la 18 la mwaka 2022, lile la kulipia. Mwaka 2024 ikaja Depth Anything, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong na wenzao wa TikTok, ambayo mtu anaipakua bila kulipa. Unabonyeza, unasubiri, ramani inatoka.

Sikatai kwamba ni kitu kizuri. Kijana wa Mwanjelwa anayeimba na hana hela ya kukodi eneo, aweke ukungu nyuma yake, aandike jina lake kubwa liwe nyuma ya mabega, mimi nitampigia makofi. Mtazamaji wa muziki anajua kwamba ameletewa burudani. Hakuna atakayeuza ng'ombe wa baba yake kwa sababu ya ukungu ule.

Lakini tujiulize: hii programu imejuaje kilichoko mbali na kilichoko karibu? Jibu ni kwamba haijui. Inakisia.

Sisi binadamu tuna macho mawili, na tofauti ndogo kati ya anachokiona la kushoto na anachokiona la kulia inatusaidia kujua umbali. Simu yenye lenzi mbili inaweza kufanya kitu kama hicho. Vipo pia vifaa vinavyorusha mwanga na kupima unachukua muda gani kurudi. Hivyo vinapima. Akili mnemba iliyopewa video bapa ya lenzi moja haina hata kimoja kati ya hivyo. Inategemea mazoea: mtu kwa kawaida huwa na ukubwa fulani, barabara huonekana kubana kadiri inavyokwenda mbali, kilicho chini kwenye picha mara nyingi kiko karibu.

Na mazoea hayo imeyatoa wapi? Mojawapo ya hazina za picha zilizotumika sana kufundishia programu za namna hii ilirekodiwa kwa gari barabarani katika mji wa Karlsruhe, Ujerumani. Nyingine maarufu, ya Chuo Kikuu cha New York, ni ya ndani ya nyumba na ofisi: vitanda, meza, makabati ya vitabu. Programu ya MiDaS ilijifunza mpaka kutoka kwenye filamu za kuvalia miwani. Hizi za karibuni zimelishwa picha nyingi zaidi, Depth Anything peke yake zaidi ya milioni 60, na zimekuwa hodari kweli. Lakini hodari wa kukisia bado anakisia. Tena nyingi kati yake hazitoi mita. Zinakupa mpangilio tu, nani yuko mbele ya nani. Zile zinazotoa mita, nazo ni mita za makisio.

Sasa ilete kamera yenye programu hiyo kwenye mdomo wa duara. Kamera inaona giza. Giza la mita tatu na giza la mita sitini ni nukta nyeusi zilezile. Ongeza vumbi la karasha, moshi, maji yanayong'aa kwenye mwalo, kamba nyembamba inayoning'inia shimoni. Moshi, maji, vitu vinavyong'aa na vitu vyembamba ndivyo hasa vinavyozisumbua programu hizi. Kwa maneno mengine, pale tunapohitaji kujua kina kuliko mahali pengine popote, ndipo zinapobuni zaidi. Kamba ya mchimbaji yenye mafundo inajua kuliko kompyuta yako.

"Sasa wewe unalia nini, si urembo tu, habari ni ileile?" Nimeambiwa hivyo na wenzangu, tena watu ninaowaheshimu. Haya, twende taratibu.

Chukua mfano. Ni wa kufikirika, lakini kila kipande chake kinawezekana leo hii mezani kwako. Kuna duara lililokaribia kufa, lina vijana wawili na ndoo. Mtengeneza video anataka "lichangamke". Anapenyeza wachimbaji wanane katikati ya matabaka, karasha moja nyuma yao, na rundo la mawe pembeni. Anaongeza vumbi la dhahabu kwenye jua la jioni. Limependeza. Sasa kuna dada yuko Sinza, ana akiba yake ya kikoba, na amekuwa akisikia kwamba Chunya kuna pesa. Anaiona ile video. Machimbo madogo yanaendeshwa kwa mitaji ya watu kama yeye: mfadhili anatoa hela ya chakula, ya matimba, ya mashine ya kuvuta maji, halafu analipwa kwa mgao wa mawe. Yeye hajawahi kufika huku. Video ile ndiyo macho yake. Umemwekea watu wanane wasiokuwepo ndani ya macho yake, halafu unamwambia ni urembo?

Na matabaka hayatumiki kuongeza tu. Yanatumika pia kuficha. Ule ukungu wa nyuma unaofanya sura ya mtu ijitokeze vizuri, kazi ya ramani ya kina hiyohiyo, unaonekana hauna hatia. Lakini nyuma ya mtu machimboni kuna nini? Mwaka 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi na kushika zebaki katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, na Chunya ilikuwa miongoni mwa wilaya walizofika. Mara nyingi mtoto wa namna hiyo yuko kule nyuma, na beseni lake. Ukitia ukungu nyuma kwa sababu "inapendeza", unaweza kuwa umeifuta habari yenyewe ukabaki na mwenye duara akitabasamu.

Kisha kuna siku ambazo ardhi inashuka. Mwaka 2015 kule Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Januari 2024 kule Bariadi, mkoani Simiyu, kifusi kiliua watu zaidi ya 20. Siku kama hizo mama amekaa nyumbani ameshika simu, anaangalia kila kipande cha video kinachotumwa, anatafuta shati analolijua. Mtu anayemwongezea mama huyo vumbi, giza na umati wa waokoaji ili video "iwe na uzito" amekosa utu. Nimeshindwa kupata neno jepesi zaidi.

Wengine watasema picha zilidanganya tangu zamani. Kweli kabisa. Februari 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zitoshe kwenye jalada, likasemwa kwa miaka mingi. Mwaka 2003 mpiga picha wa Los Angeles Times, Brian Walski, aliunganisha picha mbili za vita vya Iraki zikawa moja, akafukuzwa kazi. Lakini angalieni alivyokamatwa: kuna watu kwenye umati walionekana mara mbili. Jicho la binadamu lilitosha. Sisi tumezoea kukagua kingo, tunatafuta mahali mkasi ulipopita. Ramani ya kina inaificha alama hiyo, kwa sababu kitu cha kubandika kinafunikwa na vya mbele yake na kinafifia kadiri kinavyokwenda mbali. Kwa hiyo msituambie ni uongo uleule wa zamani. Huu umepewa mahali pa kusimama.

Wapo pia wanaosema sheria ipo. Ndiyo, ipo. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayogusa taarifa za uongo, tuna Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilizoandikwa upya 2020. Mimi sitaki tufike huko. Rungu la "taarifa za uongo" likishainuliwa halichagui, linaweza kumpata mtunzi wa ukungu na linaweza kumpata aliyerekodi ukweli usiopendwa.

Na hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchini. Iliporudi, mengi ambayo watu waliyajua waliyajua kwa video za simu za watu wa kawaida. Video ya simu, yenye kutikisika na mwanga mbovu, ndiyo shahidi wa mwisho wa mtu asiye na cheo. Sasa kama sisi wenyewe, wenye taaluma, tunazoeza macho ya watu kwamba video ya habari ni keki ya matabaka, tunamwandalia kila mwenye la kuficha jibu rahisi: "Ile ni akili mnemba." Atalitamka mbele ya video ya kweli, na watu watamwamini, kwa sababu jana walikamata ya kwako.

Tufanyeje basi? Nasema haya. Kwenye video ya habari usiongeze, usiondoe, usisogeze kitu kwa kutumia kina, hata vumbi. Ukitaka kueleza duara lilivyo chini, chora mchoro unaoonekana ni mchoro, na maneno "mchoro wa kufikirika" yakae juu ya picha mwanzo hadi mwisho, maana maelezo ya pembeni hayasafiri pamoja na video inapotumwa WhatsApp. Tunza video ghafi na tarehe yake. Ukitaka kina, muulize mwenye duara, omba kamba ipimwe mbele yako, nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi Chunya, kisha itaje namba kwa sauti na useme umeitoa kwa nani.

Neno la mwisho ni kwa wahariri mlioko mijini. Vijana hawatungi matabaka kwa sababu wamezaliwa waongo. Wanatunga kwa sababu mnataka "picha zenye mvuto" kabla ya saa kumi na moja jioni, na hamtoi nauli. Barabara ya Mbeya, Chunya hadi Makongolosi siku hizi ni lami. Lipeni nauli. Mwandishi akifika mwenyewe mpaka mdomoni mwa duara, akasubiri watu wapande, kina atakileta bila kukibuni.

Anayeona nawaonea vijana, uwanja ni wake. Ila aje na video ghafi.