Vijito Navyo Viandikwe Majina

Mkazi wa Dar es Salaam akiulizwa maji ya bombani yanatoka mto gani, hujibu haraka: Ruvu. Hakukosea, ila hajamaliza. Ndani ya Ruvu mna maji ya Ngerengere, mto mdogo unaoanzia milima ya Uluguru, ukaingia bwawa la Mindu lililokamilika mwaka 1985 kwa ajili ya Morogoro, kisha ukashika njia ya mashariki hadi Ruvu. Na Ngerengere yenyewe hulishwa na vijito kama Mzinga na Mlali, ambavyo nje ya Morogoro ni wachache wanaovifahamu.

Hapo ndipo lilipo tatizo.

Vijito hivi ndivyo vinavyobeba kazi. Kandokando yake mkulima hulima matuta ya mchicha na chainizi, akatega mpira wa mashine mtoni na kumwagilia kabla jua halijawa kali. Kiangazi kikikolea, mashine ni nyingi na maji ni haba. Mwenyekiti wa kijiji akitaka kupeleka malalamiko, swali la kwanza atakaloulizwa ni: mto upi?

Kulijibu si rahisi. Mzinga wa Morogoro si ule wa Dar es Salaam, unaoingia baharini upande wa Mtoni. Ruvu nazo ni mbili: moja humwaga maji yake karibu na Bagamoyo, nyingine hutoka upande wa Ziwa Jipe na kuingia bwawa la Nyumba ya Mungu, katika bonde la Pangani. Hiyo ya Bagamoyo, wasafiri wa karne ya 19 waliiandika Kingani. Ikiwa mito mikubwa huchanganya watu hivi, kijito kisichoandikwa popote kitatetewa vipi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini anayetakiwa kuisimamia ni mtu, na mtu huyo anahitaji kutaja mahali. Barua isemayo “kile kijito cha nyuma ya shule” haifiki mbali.

Kwa hiyo kila kijiji, kinapopanga matumizi bora ya ardhi yake, kiorodheshe vijito vyote kwa majina wanayoyatumia wenyeji, kikianza kwa kuwauliza wazee. Penye majina mawili, yaandikwe yote mawili. Majina yakifanana, jina la kijiji liongezwe. Kila daraja na kila kalvati liwekewe kibao, na orodha ipelekwe kwenye ofisi ya bonde. Kwa Ngerengere, ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kazi hii haihitaji mkopo wala mtaalamu kutoka nje, na halmashauri zinaweza kuianza kiangazi kijacho, wakati vijito vinapitika kwa miguu kutoka chanzo hadi mwisho.