Umri wa Mbegu na Umri wa Mpango

Kila baada ya miaka mitano, au kumi pale subira inapokuwa kubwa, chuo kikuu huunda kamati, nayo kamati huandika mpango mkakati. Ndani ya mpango huo huwamo dira, dhima, malengo na jedwali refu la shughuli, kila shughuli na mwaka wake wa kukamilika. Kwa chuo cha sheria au cha biashara utaratibu huo hauna kasoro kubwa. Kwa chuo cha kilimo hapana budi kuangalia jambo jingine, yaani kwamba mharagwe una muda wake wa kukua na kuzaa, ng'ombe ana wake, mti una wake, na udongo, ambao hubadilika polepole kuliko vyote hivyo, una wake pia. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachofuata kalenda ya kamati. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba mpango wa chuo cha kilimo usiopimwa kwa muda wa viumbe hivyo hautakifikisha chuo mbali, hata ukiandikwa kwa ufundi wa namna gani.

Mfano ulio karibu ni Morogoro. Mwaka 1965 kilifunguliwa huko, chini ya milima ya Uluguru, chuo cha kutoa stashahada ya kilimo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea tarehe 1 Julai 1970, baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Morogoro ilikuwa ndiyo Kitivo chake cha Kilimo. Mafunzo ya misitu yaliongezwa mwaka 1974 na ya tiba ya mifugo mwaka 1976. Hatimaye, tarehe 1 Julai 1984, kitivo hicho kilifanywa chuo kikuu kamili na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki katika ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili ya mwaka huohuo. Fani zimeongezeka tangu hapo, na kilimo chenyewe sasa kimo katika Ndaki ya Kilimo, ikiwa ni mojawapo ya ndaki kadhaa. Wanafunzi wa Chuo wamepita elfu kumi. Mji wa Morogoro nao umekua na kukisogelea Chuo.

Ndaki hiyo ifanye nini katika miaka thelathini ijayo? Swali hili si la maprofesa peke yao. Mwanafunzi aliye kidato cha tatu hivi leo ndiye atakayekuwa mtafiti, bwana shamba au mkulima wakati huo, na atafanya kazi kwa mbegu na kumbukumbu zitakazokuwa zimeandaliwa kabla yake, au atazikosa.

Kazi ya maharagwe yaonyesha jambo hili vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Morogoro, kwa kushirikiana na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani, walianza kuzalisha aina mpya za maharagwe. Aina iitwayo SUA 90 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1990, na aina ya Rojo mwaka 1997. Kwa nini mharagwe, ambao huiva kwa muda wa miezi mitatu hivi, uhitaji karibu miaka kumi?

Mtafiti huchukua chavua ya mharagwe mmoja, tuseme wenye kinga ya ugonjwa, akaipaka katika ua la mharagwe mwingine wenye punje zinazopendwa sokoni. Watoto wa kizazi cha kwanza hufanana. Wale wa kizazi cha pili hutawanyika kila mmoja na sura yake, na hapo ndipo uchaguzi huanza. Lakini mmea uliochaguliwa bado haujatulia, kwa maana kwamba ukipandwa tena utazaa watoto wasiofanana nao. Kwa kuwa mharagwe hujichavusha wenyewe, zile jozi za jeni zisizolingana hupungua kwa nusu katika kila kizazi. Huwa ni nusu katika kizazi cha pili, robo katika cha tatu, thumni katika cha nne, na zapata asilimia 3 tu katika cha sita. Mwanafunzi aliyesoma kanuni za Mendel aweza kuyathibitisha haya kwa kalamu na karatasi. Baada ya hapo mbegu hupelekwa kujaribiwa mahali pengi, maana joto la Morogoro si baridi ya Mbeya wala ukungu wa Lushoto, na hujaribiwa kwa misimu kadhaa kwa sababu mvua ya mwaka mmoja si ya mwaka mwingine. Kisha maharagwe hupikwa. Yakikawia kuiva jikoni au yakiwa na mchuzi usiopendeza, mama mwenye nyumba atayakataa, na hukumu yake haina rufani. Mwishowe mbegu huzalishwa kwa wingi ili zimfikie mkulima.

Fedha za kazi hiyo zilitoka kwa sehemu kubwa katika Shirika la Misaada la Marekani, USAID. Shirika hilo lilifungwa mwaka 2025, na miradi mingi ya utafiti wa kilimo iliyokuwa chini yake katika nchi mbalimbali ilikatishwa njiani. Haya hayasemwi kwa kulaumu, maana mtoaji ana hiari ya kutoa na ya kuacha. Yasemwa ili ieleweke kinachotokea shambani mradi unapokatishwa. Mseto wa maharagwe uliosimamishwa katika kizazi cha nne hauhesabiki kuwa nusu ya aina mpya. Mbegu zake zikikaa muda mrefu katika ghala lisilo baridi hupoteza uwezo wa kuota, aliyejua historia ya kila mstari huhamia kazi nyingine, na atakayekuja baada yake hana budi kuanza tena kwenye ua la kwanza.

Kinyume cha hayo kilionekana Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902. Katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Waingereza, mtafiti H. H. Storey na wenzake walikuwa wakipambana huko na ugonjwa wa batobato ya muhogo. Walipoona kwamba muhogo wa kawaida hauna kinga ya kutosha, waliuchanganya na mmea wa jamaa yake, mpira wa Ceara, ambao hauna mizizi ya kufaa kuliwa. Machotara wa kwanza hawakuwa na thamani shambani, na ilibidi kuwarudisha kwenye muhogo mara kadhaa ili mizizi irudi huku kinga ikibaki. Kazi hiyo iliendelea kwa takriban miaka ishirini, kisha ikasimama. Hata hivyo uzao wake ulikuwa umekwisha pelekwa nchi nyingine, Nigeria ikiwamo. Katika miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya kilimo iliyoko Ibadan iliuchukua uzao huo na kuufanya msingi wa aina mpya za muhogo zenye kuzaa sana. Batobato kali ilipoangamiza mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, miongoni mwa aina zilizorudisha muhogo katika mashamba hayo zilikuwamo zile zilizotoka Ibadan, nazo asili ya kinga yake ni Amani. Tangu mseto wa kwanza hadi chakula cha mkulima wa Uganda ilipita miaka kama sitini. Hakuna mpango mkakati wa miaka mitano ambao ungeweza kuandika matokeo hayo katika jedwali lake. Lakini ulikuwako utaratibu wa kutunza mimea, kuandika asili yake na kuikabidhi kwa wengine, na utaratibu huo ndio uliookoa kazi.

Udongo nao una subira yake. Fosfati ya Minjingu, ichimbwayo karibu na Ziwa Manyara, huyeyuka polepole, tena huyeyuka vema katika udongo wenye asidi. Jaribio la msimu mmoja laweza kuonyesha kwamba mbolea ya kiwandani iyeyukayo upesi ni bora kuliko Minjingu, na mtafiti mwenye fedha za msimu mmoja ataandika hivyo, wala hatakuwa amesema uongo. Jaribio la misimu mitano au sita laweza kutoa picha nyingine, kwa kuwa fosforasi iliyobaki ardhini huendelea kuulisha mmea. Kama chuo hakina mahali pa kufanya jaribio la pili, mkulima atapewa ushauri wa jaribio la kwanza.

Huko Rothamsted nchini Uingereza liko shamba la ngano liitwalo Broadbalk ambalo limefanyiwa jaribio moja tangu mwaka 1843. Sehemu moja hupewa samadi, nyingine mbolea za chumvichumvi za aina mbalimbali, na nyingine haipewi kitu. Sampuli za nafaka, mabua na udongo huhifadhiwa, na ghala la sampuli la Rothamsted sasa lina zaidi ya 300,000. Waanzilishi, John Lawes na Henry Gilbert, walitaka kujua habari za mbolea. Mwaka 2005 wanasayansi walipima sampuli hizo kwa njia ambayo waanzilishi wasingeweza kuiota, wakatambua chembe za urithi za kuvu wawili waletao ugonjwa wa ngano, na wakaona kwamba kupanda na kushuka kwa kuvu hao kulifuatana na moshi wa salfa uliotokana na uchomaji wa makaa ya mawe. Aliyeweka mabua ghalani mwaka 1850 hakuwa na habari ya maswali hayo. Alichofanya ni kuyaweka vizuri na kuandika tarehe.

Wako watakaosema kwamba Rothamsted ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba mkulima wa Kilosa mwenye njaa hawezi kungoja miaka sitini. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Lakini yafaa gharama zihesabiwe. Jaribio la muda mrefu lahitaji eneo dogo la ardhi, kipima mvua, mizani, masanduku ya sampuli, vibarua wachache na mtu mmoja mwenye hati nzuri ya mwandiko. Jengo la ghorofa lahitaji mabilioni. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa ajili ya mageuzi ya elimu ya juu nchini, katika mradi wa miaka mitano ambao Chuo cha Sokoine ni mmoja wa wanufaika wake. Maabara na madarasa yahitajika sana, wala hakuna mwalimu atakayeyakataa. Ila ni kweli pia kwamba jengo hupendwa na wapangaji kwa sababu huisha ndani ya muda wa mradi na hukatiwa utepe, ilhali kitalu cha udongo hakiishi na hakina siku ya kufunguliwa.

Kuhusu njaa ya leo, hakuna asemaye kwamba ndaki iache kazi za haraka. Viwavijeshi vamizi vilipoingia Afrika mwaka 2016 havikungoja mtu, na utafiti juu yao ulipaswa kuwa wa haraka. Lakini anayeulizwa jambo la haraka hujibu kutokana na akiba aliyonayo. Asiye na kumbukumbu za mvua, za wadudu na za mavuno ya miaka iliyopita hujibu kwa kubahatisha.

Basi mpango ujao wa ndaki yoyote ya kilimo uanze na ukurasa ambao kwa kawaida haumo, yaani orodha ya kazi zilizoanzishwa na mipango iliyotangulia na ambazo hazijaisha, kila moja na jina la cheo cha anayeitunza. Vitalu vya majaribio ya muda mrefu vipimwe, vichorwe katika ramani ya Chuo, na vipewe ulinzi wa kisheria dhidi ya barabara, mabweni na nyumba za kupangisha. Mji unaokua utaviomba, na utaviomba kwa sababu zitakazoonekana kuwa nzuri. Sehemu ya mapato ya Chuo chenyewe, hata ikiwa ndogo, itengwe kwa kazi hizo peke yake, na fedha za wafadhili zitumike kuongeza juu ya msingi huo. Ghala ya mbegu iwe na umeme wa akiba. Madaftari ya watafiti wanaostaafu yawe mali ya maktaba.

Jambo lenye faida kubwa zaidi labda ni kuyafungamanisha majaribio hayo na ufundishaji. Wanafunzi mia tatu waliomzunguka ng'ombe mmoja hawajifunzi kumpima joto, bali hujifunza kusimama. Lakini kitalu cha kudumu chaweza kugawanywa, kila kundi likapewa mstari wake wa kupanda, kupalilia, kupima na kuandika, na mwisho wa mwaka likaukabidhi kwa kundi linalofuata pamoja na takwimu zake zote. Mwanafunzi wa mwaka wa kumi wa jaribio atakuta mbele yake kazi ya watangulizi tisa, atagundua makosa yao ya kupima, na atajua kwamba ya kwake yatagunduliwa pia.

Shule za sekondari nazo zaweza kuanza bila kungoja Morogoro. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi zimelima mahindi kwenye shamba lilelile mwaka baada ya mwaka, lakini kilichoandikwa mara nyingi ni idadi ya magunia tu, tena katika daftari la stoo. Mwalimu wa baiolojia au wa jiografia aweza kutenga vipande vinne vya mita tano kwa tano. Kimoja kisiwekewe kitu, cha pili kiwekewe samadi, cha tatu mbolea ya dukani, na katika cha nne mahindi yapandwe kwa zamu na kunde. Mvua ipimwe kila asubuhi saa tatu. Mavuno ya kila kipande yakaushwe, yapimwe na kuandikwa katika daftari lisilotolewa shuleni, na kopo moja la udongo liwekwe kabatini kila mwaka likiwa na tarehe na jina la kipande. Takwimu za miaka miwili ya kwanza zitakuwa na utata mwingi, na wanafunzi watabishana kama samadi ina faida au haina. Kufikia mwaka wa sita au wa saba mabishano yatakuwa juu ya mambo mengine, kama vile kwa nini kipande cha kunde kilistahimili mwaka wa ukame, na maswali ya namna hiyo ndiyo ambayo ndaki ya kilimo ingependa kuletewa.