Ukubwa wa Ulimwengu katika Michezo ya Kompyuta

Miongoni mwa waundaji wa michezo ya kompyuta imezuka desturi ya kujisifia kilomita za mraba, kana kwamba mchezo ni shamba la katani. Daggerfall, uliotolewa Marekani mwaka 1996, ulitangazwa kuwa na nchi ipatayo kisiwa cha Uingereza kwa ukubwa. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ilizalishwa na kompyuta yenyewe, hata mji mmoja ukafanana na mwingine. Skyrim wa mwaka 2011, wa kampuni ileile, hukadiriwa kuwa na kilomita za mraba 37 hivi tu, nao ungali unachezwa.

Sababu ni ya kihesabu. Urefu na upana vikizidishwa mara mbili, eneo huwa mara nne. Mambo ya kukutana nayo njiani yasipoongezwa, kila kilomita ya mraba hubakiwa na robo yake. Yakiongezwa kwa kadiri hiyo, kazi ya wachoraji nayo huwa mara nne.

Euro Truck Simulator 2, mchezo wa malori uliotoka mwaka 2012, hupunguza barabara kuu kwa kipimo cha 1 kwa 19. Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, yenye kilomita zaidi ya 900, ingebaki na 48 hivi. Hapo hapana ubaya. Ubaya ni kuipunguza Tunduma yenyewe vivyo hivyo. Foleni ya malori, nyaraka za forodha na wabadilishaji fedha ndivyo vinavyoufanya mpaka kuwa mpaka, hata baada ya kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kufunguliwa rasmi mwaka 2019. Na kimondo cha Mbozi, chenye urefu wa mita 3 na uzito ukadiriwao kuwa tani 16, kwa kipimo hicho kingekuwa na urefu wa sentimita 16: figa la jikoni!

Kwa hiyo kijana wa Songwe atakaye kuunda mchezo wa namna hii asianzie Dar es Salaam. Aanzie Mbeya, apite Mlowo na Vwawa penye mibuni, aishie mpakani; njia hiyo ni kilomita mia moja na ushei. Wachezaji wengi nchini hutumia simu, nao hulipia kila megabaiti, iwe ya pori tupu au ya soko la Tunduma.