Kabla ya Safari, Iulize Ramani Umri Wake

Ndugu msomaji, likizo ya katikati ya mwaka inapokaribia, familia nyingi za mjini huanza kuhesabu siku na shilingi. Wako wafanyakazi ambao, badala ya kulipia nyumba ya wageni kila usiku, huungana na jamaa zao wakakodi basi dogo lililotengenezwa kwa kulala, lenye vitanda, jiko la gesi na pipa la maji. Safari ya namna hiyo hupendeza sana pwani. Hata hivyo, mwenye kulala ndani ya gari lake hana mwenyeji wa kumwelekeza jioni inapomkuta njiani. Tegemeo lake ni ramani na kitabu cha mwongozo. Leo tuzungumze namna ya kuvichagua, na mfano wetu uwe barabara ya kusini, kutoka Dar es Salaam kupitia Kibiti, Nangurukuru na Lindi hadi Mtwara, mwendo wa zaidi ya kilomita 550.

Jambo la kwanza la kutazama ni mwaka. Katika ramani za zamani, barabara hii hukatika penye Mto Rufiji, na mahali hapo pana alama ya kivuko cha Ndundu. Alama hiyo ilisema kweli wakati wake. Lakini Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Anayefuata ramani ile leo atapanga kulala mtoni akingojea pantoni ambayo haiji.

Ramani mpya nayo ina upungufu wake. Huenda ikaonyesha mstari mmoja wa lami usiokatika, kumbe maji yameikata barabara juzi. Mwezi Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya viliikata barabara hii katika eneo la Somanga, na wasafiri wakakwama. Mchapaji hawezi kuyajua ya kesho. Kwa hiyo, uwe na ramani, na usikilize pia taarifa za hali ya hewa na habari za barabara kabla ya kung'oa gari.

Dukani utatambuaje kama ramani au kitabu kimepitwa na wakati? Anza na mji unaoujua. Fungua ukurasa wa Dar es Salaam ulitafute Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016. Kama halimo, basi hata habari za Lindi katika kitabu hicho ni za kabla ya hapo. Mtihani huu hauhitaji fedha wala elimu ya upimaji.

Jambo la pili ni kipimio. Katika ramani ya nchi nzima ya kipimio cha 1:2,000,000, sentimita 1 ni kilomita 20. Hiyo yafaa kupanga siku za safari na vituo vya mafuta, wala haiwezi kukuonyesha njia ya kwenda ufukweni. Katika ramani ya 1:50,000, sentimita 1 ni nusu kilomita, nawe utaona vijito, mikoko na vijia. Huna haja ya kununua ramani kubwa za njia nzima. Nunua moja ya safari yote, na za kipimio kikubwa kwa mahali utakapolala tu.

Ramani za simu nazo ni msaada mkubwa, lakini zipakue ukiwa bado nyumbani, maana mtandao hupotea njiani. Tena kumbuka kwamba simu hupenda njia fupi. Haikuulizi kama gari lako ni zito, wala kama ni masika.

La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni jedwali la maji kupwa na kujaa. Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja tulisafiri kusini, mume wangu akiendesha, nami nikishika ramani. Jioni nikaona katika simu kijia kinachofika ufukweni, nikasema tupite hapo. Tulikuta mchanga mgumu, uliolowa kidogo, mzuri kwa magurudumu. Sikujiuliza umeloweshwa na nini. Watoto walikula, wakalala.

Kabla hatujazima taa alikuja mvuvi mmoja, mtu mzima. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akanionyesha mwezi.

"Binti yangu, hili ni bamvua. Hapa mlipo, saa kumi alfajiri ni bahari."

Tulipowasha gari, magurudumu yalizama. Aliwaita vijana wake, tukasukuma mpaka jasho likatutoka, watoto wakilia kwa usingizi. Alfajiri nilisimama juu penye minazi, nikatazama mahali tulipokuwa tumetandika vitanda. Palikuwa maji matupu.

Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hupita meta 3. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Ramani yangu haikusema uongo. Kijia kilikuwapo na ufukwe ulikuwapo. Ilinyamaza tu juu ya saa, nami sikuuliza.

Kuhusu kitabu cha mwongozo, tenganisha yanayochakaa na yasiyochakaa. Nauli, bei na namba za simu huchakaa upesi. Historia hudumu. Kitabu kikuukuu kinaweza bado kuwaeleza watoto wako kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, au kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Lakini habari za kibali cha kuvuka kwenda kisiwani, na malipo yake, ziulize Kilwa Masoko kwenyewe.

Kwa muhtasari, ndugu msomaji, beba ramani ya karatasi ya safari nzima, ramani ya simu iliyokwisha kupakuliwa, jedwali la maji, na kitabu kimoja ulichokipima. Kisha, kila jioni kabla ya kuegesha gari, mtafute mtu wa mahali hapo, umwamkie, umwulize: "Hapa panalalika?" Swali hilo halina bei. Usiku ule liliulizwa kwa kuchelewa, tena si na mimi. Mzee yule ndiye aliyetoka gizani kuja kulijibu.

Safari njema, na tukutane Jumapili ijayo.